Mlinzi Niliyemzima kwa Mkono Wangu

Faza, baada ya alasiri, siku yako ya mwisho nyumbani

Mwanangu Khadija,

Amani ya Mungu ikutangulie kabla ya maneno yangu, maana maneno yenyewe si mazuri. Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu ambaye jioni hii hii tutakula naye sinia moja. Lakini umekwenda Siyu kuwaaga jamaa za marehemu mama yako, na yule kijana wa pikipiki aliyekuchukua nimemsihi asikuharakishe, ili nipate saa mbili tatu za kuandika nilichoshindwa kukisema. Kusema nimejaribu. Juzi nilikuita ukumbini, ukaja ukakaa, nikakuuliza kama umeshapiga pasi nguo zako. Ukanitazama, ukacheka. Umri wote huu sijawahi kukuuliza habari za pasi.

Basi za pasi tuziache. Wala sitakuambia ule nini huko Mkokoni, wala urudi nyumbani saa ngapi. Utakaa kwa mama yako mdogo, Bi Nuru, na kwa maagizo mwanamke yule hana mpinzani. Hujashuka vizuri botini atakuwa ameshakupa yote. Mimi nataka kulijibu swali lako la wiki iliyopita. Nyuma ya jibu hilo liko jambo jingine, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Uliniletea karatasi. Kikundi cha wavuvi kimekuajiri uwe karani wao, na kimenunua kompyuta mpya ya kazi hiyo: kupokea malipo ya kamba kutoka mahotelini na kuwalipa wavuvi, yote kupitia benki, kwenye intaneti. Mwenyekiti wao, Bwana Famau, akakuambia uchague mwenyewe programu ya ulinzi ya kuiwekea. Uliandika tatu. Moja ya bure. Moja ya kulipia kila mwaka. Na ya tatu ni ile anayoisifia mpwa wa Bwana Famau, ya bei ghali kabisa, ila yeye anayo iliyovunjwa kufuli, haidai hata senti.

"Baba, we ndo mtaalamu," ukaniambia. "Nichague gani?"

Nikakujibu nitafikiri. Nikaikunja karatasi yako nikaitia mfukoni, na mpaka leo imo humo, imeshalowa jasho. Hiyo ya tatu itupe. Huwezi kumweka mlinzi mlangoni aliyeingia nyumbani kwako kwa wizi, na mpwa wa Bwana Famau mwambie hivyo hivyo, kwa heshima lakini mwambie. Kuhusu hizo mbili nyingine, ningeweza kukujibu pale pale kwa neno moja. Nilinyamaza kwa sababu uliniita mtaalamu, na neno hilo lilinichoma.

Ninaona bora nikuhadithie habari za mlinzi niliyekuwa naye mimi.

Unaikumbuka kompyuta yetu ya nyumbani, ile nyeusi iliyokuwa mezani chini ya dirisha. Nilikuwa na mbili, ile na ya duka la kutoa kopi, na nilikuwa na sheria niliyojivunia mbele za watu. Flashi za wateja ziishie dukani. Mji wetu unaujua, flashi moja huzunguka kama sufuria ya kuazimana: leo imebeba fomu za kitambulisho, kesho kasida, keshokutwa picha za harusi, na kila kompyuta inamopita huiachia uchafu wake. Ya nyumbani haikuwa ikichomekwa kitu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikifungulia benki. Fundi kutoka Amu, Bwana Shee, alikuja mwenyewe kuiwekea programu ya ulinzi ya kulipia. Ilikuwa nzuri. Kila ikiona jambo inalolishuku ilileta kidirisha chekundu, na mimi nilikuwa nikiwaita wageni waje wakione, kama mtu anayeonyesha saa mpya. Wewe nilikuruhusu kuweka humo michezo yako na zile filamu zako za kulia, kwa kuwa Bwana Shee alizikagua akasema hazina neno. Hilo la kukaguliwa ulishike, nitalirudia.

Mama yako alifariki wewe ukiwa na miaka kumi na minne. Arubaini ilipopita, binamu yake Bi Mwanamkuu alikuja kutoka Siyu na flashi ndogo ameifunga kwenye pindo la leso.

"Hii mpe Khadija," akaniambia. "Ni sauti ya mamake, Maulidi ya wanawake, mwaka ule aliosoma yeye. Ila usimpe mwanamume kuisikiza. Humo muna sauti za wake za watu."

Ndiyo, Khadija. Alisema ni yako. Ulikuwa umelala, umelia mpaka macho yamevimba, na mimi nikajiambia nitakupa ukitulia kidogo. Nilijiambia hivyo kwa nia safi, naapa. Lakini kwanza nilitaka kusikia mwenyewe.

Dukani sikuweza kuifungua, nitaifunguaje sauti ya mke wangu mbele ya wateja? Nikaichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani. Kidirisha chekundu kikaruka hapo hapo. Kiliandika kwamba folda ile ni ya hatari, na folda yenyewe ikatoweka mbele ya macho yangu. Nikachomoa, nikachomeka tena. Ikatoweka tena. Nilikuwa naliona jina, "Maulidi Siyu", kwa muda wa kupepesa jicho tu, kisha halipo.

Dawa yake nilikuwa naijua. Ningepanda boti asubuhi, nikampelekea Bwana Shee, akaisafisha flashi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, nikarudi na sauti ya mama yako ikiwa salama. Jambo dogo kabisa! Lakini Bwana Shee ni mwanamume. Kuisafisha angeifungua, na akiifungua pengine angesikiliza, hata kidogo, kuhakikisha inafanya kazi. Nilimwona kichwani mwangu ameinamisha sikio. Sauti ya Zuhura, ambayo alipokuwa hai hakuna mwanamume wa mbali aliyeisikia ikipanda hivyo, niipeleke dukani kwa fundi? Niliona ni kumvunjia heshima kaburini. Na nikuambie ukweli mwingine: nilikasirika. Nilikikasirikia kile kidirisha chekundu. Kilithubutu vipi kuniambia kwamba sauti ya mke wangu ikimsalia Mtume ni kitu cha hatari?

Nikaizima. Programu iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, na ndiyo.

Folda ikafunguka. Akasoma. Sitajaribu kueleza. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa na wewe ukaamka, na nilipokusikia unatembea nikachomoa flashi haraka nikaitia mfukoni mwa koti. Ndiyo siku ya kwanza niliyokuficha. Nikarudi siku ya pili, na ya tatu. Kila nikiwasha ulinzi folda inanyakuliwa, kwa hiyo nikaona usumbufu wa nini, nikauacha umezimwa. Mwezi mzima. Bwana Shee alinieleza baadaye jinsi mchezo unavyokwenda: folda niliyokuwa nikiibonyeza ilikuwa kivuli cha folda. Ilinifungulia niliyoitaka kweli, na papo hapo ikafungua mlango wa nyuma, ikamwingiza mgeni ambaye kazi yake ni kukaa kimya na kusoma kila ninachoandika.

Mwezi huo huo bibi yako aliuza shamba lake la minazi la Siyu ili akahiji.

Haya mengine unayajua, lakini uyasome tena kutoka kwangu. Fedha zilikuwa kwenye akaunti yangu kwa kuwa benki iko Amu na mama yangu hakuwa akiweza tena safari za boti za mara kwa mara. Wakala wa Hijja wa Mombasa tungemlipa kwa kompyuta. Nikafungua benki, nikaandika paswadi, simu ikaleta zile nambari za kuthibitisha, nikaziandika. Ukurasa ukaniambia nambari zimekosewa, niandike zinazofuata. Nikaandika, mimi mtaalamu! Siku ya pili yake wakala akapiga simu kuuliza mbona hajaona kitu, na nilipofungua akaunti ilikuwa imefagiliwa. Benki walinisikiliza, wakaandika, wakaniambia nambari niliziandika kwa mkono wangu. Polisi nao waliandika. Hakikurudi kitu.

Bibi yako alikuwa ameshamaliza kuzunguka mtaa kuomba radhi. Unakumbuka? Alishika bakora yake, mlango hadi mlango, kama wafanyavyo wanaokwenda kuhiji, akiwaambia watu kama nimekukosea nisamehe, naenda kwa Mola wangu. Hata yule jirani waliyenuniana miaka kwa ajili ya kuku, walikumbatiana wakalia. Nguo zake nyeupe zilikuwa zimeshonwa, zimetundikwa ukutani chumbani kwake. Baada ya hapo hakutoka nje tena. Alisema anaona haya kukutana na watu aliowaaga.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa.

Bwana Shee alikuja kuikagua kompyuta. Tulikuwa ukumbini: mama, ami yako Omari, wewe na mimi. Akabonyeza bonyeza, akageuka.

"Mlinzi huyu hakushindwa," alisema. "Amezimwa, na kwa mkono. Nani aliyemzima?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Lakini kusema nimezima kungefuatwa na kwa nini, na kwa nini kungefuatwa na flashi, na flashi ilikuwa yako na nilikuwa nimeiiba. Na ami yako alikuwa ameshanikazia macho. Bwana Shee akaona folda ya michezo yako, akatikisa kichwa, akasema, "Watoto na michezo yao."

Nami nikanyamaza.

Ulisema, "Si mimi. Mimi sijazima kitu." Ulisema mara tatu. Bibi yako akakuvuta kwake.

"Ni mwana, hakuyua," akasema. "Mimi nimemsamehe. Mtu asimkemee."

Kesho yake ulinifuata dukani na sare za shule. Ukaniambia, "Baba, labda nilibonyeza bila kujua." Ulikuwa umekesha ukiitafuta dhambi usiyokuwa nayo mpaka ukaipata. Nikakujibu, "Yamepita, mama, usilie." Nikakufuta machozi kwa kiganja changu. Kisha ukaenda kumpigia bibi yako magoti ukamwomba radhi, na mimi nilikuwa mlangoni nimeshika viatu vyangu, nikageuka nikatoka.

Akafa miaka miwili baadaye bila kuiona Kaaba. Nguo zile zile ndizo tulizozitoa ukutani siku hiyo.

Nimekuita mama tangu ulipozaliwa kwa kuwa jina lako ni la mama yangu. Miaka sita hii, kila nikikuita, nimekuwa nawaita wawili niliowadhulumu kwa neno moja. Na wewe hukucheza tena kwenye kompyuta. Ukawa mtu wa kukagua kila kitu mara tatu, kufuli, jiko, risiti, mpaka watu wakasema binti wa Saidi ni makini sana, na kwa umakini huo Bwana Famau akakuajiri. Wakikusifu mimi huinama kufunga kamba za viatu. Umakini wako najua ulikotoka. Umetokana na hofu, na hofu hiyo nimekutia mimi.

Ningekuwa nimenyamaza mpaka kaburini, nadhani. Mimi si mtu jasiri. Lakini siku nne zilizopita ulikuwa jikoni unazungumza na Bi Nuru kwenye simu, nami niko uani. Nilikusikia ukisema, "Mshahara wa mwanzo wote siugusi. Nataka nimlipie Bibi hijja ya badali, kwa sababu mimi ndo nilimkosesha." Na jana nilipokuwa nakusaidia kufunga sanduku, niliiona barua ya chuo cha ualimu, ile uliyoniambia haikuja. Ilikuja, Khadija. Wamekuchukua. Na wewe umeifukia chini ya nguo ili uende ukahesabu kamba wa watu, ulipie kosa langu kwa ujana wako. Nilikaa juu ya kitanda chako, nikashindwa hata kumaliza kuikaza kamba ya sanduku. Ndiyo maana sanduku limefungwa vibaya upande mmoja.

Leo asubuhi nilikwenda kwa ami yako Omari nikamwambia yote. Alikuwa anashona wavu, hakuuweka chini. Aliponijibu hakunitazama.

"Miaka sita, Saidi. Mama amekufa akimuombea maghufira mwana yule, kwa kosa lako wewe. Ndia ya kumwambia mama sasa utaipata wapi?"

Njia hiyo tulimzika nayo. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Kwa mwana ndia iko. Enda."

Hijja ya badali ni juu yangu. Mashine ya kopi imeshapata mnunuzi, atakuja kuichukua Jumamosi, na ami yako, ambaye ameshajihijia mwenyewe, amekubali kumhijia mama. Kwa hiyo hilo usilibebe tena. Boti ya Mkokoni iko kesho asubuhi. Ukiipanda, ipande kwa kuwa unaitaka kazi ile. Chuo nacho bado wanakungoja hadi mwisho wa mwezi ujao, nimeisoma barua vizuri, na nisamehe kwa kuisoma. Sikusukumi popote. Nimeshakusukuma vya kutosha kwa kunyamaza.

Jibu la swali lako sasa. Chukua ile ya kulipia, lakini si kwa sababu ya bei. Ya bure nayo ingekutosha siku nyingi. Ichukue kwa kuwa inakubali kuwekewa paswadi ya peke yake, ambayo bila hiyo haizimiki. Paswadi hiyo usiijue. Mwite Bwana Famau aiandike yeye, nawe uangalie ukutani. Mlinzi wangu alikuwa hodari kuliko mimi na alinionya kila siku, nami nilimzima kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi mwangu na moyo wangu ulikuwa unauma. Kuna siku moyo wako nao utauma. Siku hiyo uwe na safari ya kwenda kwa mtu mwingine na kumweleza kwa mdomo kwa nini unataka azimwe. Mimi ningelazimika kumweleza mtu, ningeona haya, na shamba la mama lingesalimika. Na kile nilichokuambia ukishike: michezo yako ilikaguliwa, ikaonekana haina neno. Haikuwa na kosa, wala wewe.

Kompyuta ile iwe ya fedha za wavuvi peke yake. Usichomeke flashi ya mtu, awe mwenyekiti, awe mpwa wake. Hata yangu.

Nasema hata yangu kwa sababu imo ndani ya bahasha hii, imefungwa kwenye kipande cha leso ya mama yako. Sijaifungua tangu siku ile Bwana Shee alipokuja, na uchafu wake bado umo. Bi Nuru ananiambia kuna msichana Amu, ana duka lake la kompyuta, na wanawake humpelekea simu zao bila wasiwasi. Mpelekee yeye, aisafishe, kisha usikilize. Umekaa miaka sita ukidhani sauti ya mama yako haikubaki popote. Hilo nalo ni mimi.

Nasikia pikipiki inakata kona ya msikiti, kwa hiyo namaliza.

Katikati ya kasida ya tatu utamsikia anakatiza. Chetezo cha udi kilikuwa karibu na wewe, nadhani, na ulikuwa unakisogelea. Anaita, "Khadija!" Wanawake wanacheka. Anaita tena, "Khadija, ondoka hapo, mwana, utaungua!" Na hapo, kwa mbali, kasauti kadogo kanaitika, "Labeka, mama." Ni wewe. Una miaka mitano, na hujamkosea mtu yeyote duniani. Mpaka leo hujamkosea.

Baba yako,
Saidi